Sura Ubavuni mwa Nguzo

Fundi akikereza nguzo kumi kwa mfano mmoja, zote hutoka sawa kama watoto wa tumbo moja. Ndiyo sifa ya kazi yenyewe, na Abdiel alijivunia sifa hiyo hadi Jumatatu ile, binti yake Agnela alipoisimamisha nguzo mpya dirishani vanishi ikauke, akarudi nyuma hatua mbili tatu, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, njoo uone. Hii nguzo ina mtu."

Abdiel alizima mota, akaja huku akipangusa vumbi la mbao kwenye kope. Nguzo ilikuwa ya uzio wa madhabahu ya kanisa lao, ya ishirini na moja katika ishirini na nne. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa nguzo tu, yenye mawimbi na mawaridi yake. Lakini mwanga wa dirisha ulipoipiga kwa nyuma, ukingo wake ulichora paji la uso lililoinama, pua iliyovunjika katikati, na mdomo wa chini uliotangulia ule wa juu. Na kwa kuwa kitu kilichokerezwa hufanana pande zote, sura hiyo ilitazama kushoto na kulia kwa wakati mmoja.

"Baba mkubwa," Agnela alinong'ona.

"Acha ujinga," Abdiel akasema. Akaichukua nguzo, akaipasua kwa shoka, akaitia jikoni kuni.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe hakupenda kuusema. Baba mkubwa huyo, Ndesanjo, ndiye aliyemfanya Abdiel kuwa fundi. Ndiye aliyeitoa mashine ile ya nakshi kwenye ghala la shamba moja kule Usa River, ilikokuwa ikiliwa na kutu, mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Akaifufua, akamkalisha mdogo wake mbele yake na kumwonyesha jinsi patasi inavyofuata sahani ya mfano, bamba lenye umbo la kuigwa, ikatoa ua juu ya mti. Ndesanjo alikuwa na mguu mbovu, kwa hiyo hata ukanyagaji wake ulijulikana: mara mbili haraka, ya tatu akaiburuta. Ndesanjo alipomwachia karakana ya Themi, mjini, Abdiel aliifungia mashine mota, ila pedeli aliiacha palepale.

Kisha Krismasi iliyopita, nyumbani, ukoo mzima umekusanyika na pombe ya mbege imezunguka, Ndesanjo akasema neno: "Mdogo wangu ni fundi wa mashine. Mwondolee sahani ya mfano, hachori hata yai." Watu wakacheka. Kicheko cha sikukuu, kesho yake kimesahaulika. Abdiel hakukisahau. Alikibeba hadi mjini, akakilea kama mtu anavyolea ng'ombe wa maziwa, asubuhi na jioni.

Masika yalipoanza, Ndesanjo akaja Themi na jani la isale mkononi. Asiyejua ajue: kwa watu hawa, anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama kakuulia mtu. Tena huyu alikuwa mkubwa akimwangukia mdogo. Alisimama nje ya mlango wa karakana amevaa koti lake la sufu, akabisha hodi. Abdiel akamwona kupitia dirishani, akaliona na jani. Hakukataa, la. Alisema tu, "Kaa nje kwanza. Namalizia kazi."

Akarudi kwenye mashine, akakereza. Mvua ikanyesha. Akakereza hadi jioni, nguzo baada ya nguzo, akijua fika kuna mtu mlangoni. Alipofungua, Ndesanjo alikuwa ameondoka, na jani limechomekwa kwenye komeo. Wiki mbili baadaye kichomi kilimwua. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema ufanye nini mmoja akishazikwa.

Jumanne Abdiel alikereza nguzo nyingine badala ya ile. Aliipima kila mahali kwa kipimo cha chuma, ikawa sawa. Agnela akaipeleka dirishani. Safari hii ukingo ulichora paji la uso la mviringo na pua ndogo nyoofu, na chini ya pua mti ulikuwa mtupu, kama fundi ameitwa chakula akaacha kazi. Abdiel aliitambua pua ile. Aliwahi kuipangusa kamasi, Agnela akiwa mchanga.

Jioni Agnela alilalamika kichwa. Asubuhi akamwuliza mama yake, Evaresta, mbona maziwa yanaungua na hakuna harufu.

"Mimi sisikii hata vanishi, mama. Nimelinusa kopo zima."

Abdiel akachomoa waya wa mota ukutani, akafunga karakana kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mchana wa Jumatano, saa saba, jua limewaka na Meru imejitokeza yote bila wingu, walikuwa mezani watatu wakila makande. Evaresta akaacha kutafuna.

"Baba Agnela," alisema taratibu, "nani yuko karakana?"

Tak-tak. Taaak. Tak-tak. Taaak.

Abdiel aliinuka akaenda, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyosikia mti ukilia chini ya patasi, kilio kile kile anachokijua tangu ujana, na chini ya mlango ikatoka harufu isiyofanana na mchana ule mkavu, harufu ya koti la sufu lililoloa mvua kutwa nzima likakosa mtu wa kulianika, na alipofungua kufuli, ufunguo ukiwa umemponyoka mara mbili, akaiona pedeli ikishuka na kupanda peke yake, mara mbili haraka na ya tatu ikiburuta, na maranda mapya yakimwagika sakafuni, na nguzo ikizunguka katikati ya mashine huku chini ya pua ile ndogo nyoofu sasa kuna midomo.

Pedeli ikasimama. Nyuma ya Abdiel, kutoka mezani, Evaresta akapiga yowe.

Agnela alikuwa amefumbua kinywa na hakuna kilichotoka. Huyu ndiye aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, mtoto pekee waliyejaliwa baada ya miaka tisa ya kuomba. Alishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, machozi yanashuka bila kwikwi.

Mwinjilisti alikuja akaomba hadi shati likaloa. Kisha Evaresta, bila kumwarifu mwinjilisti, akamleta Mzee Sumari, mganga wa kule mlimani.

"Shikamoo mzee," Abdiel alimpokea.

"Marahaba. Nionyeshe."

Mzee aliitazama nguzo dirishani kwa muda mrefu. Akapitisha kidole pale kidevu kilipoanzia. "Bado shingo," alisema.

"Lifukuze hilo jini, mzee wangu. Chochote unachotaka, sema."

"Jini hufukuzwa kwa sababu lina kwao. Huyu nimfukuzie wapi? Karakana ni yake, mashine yake, mtoto wake." Akamgeukia. "Alikuletea isale. Liko wapi?"

Abdiel aliangalia miguu yake. "Nililifagia. Pamoja na maranda."

Mzee Sumari alikohoa, akavaa kofia. "Kapeleke la kwako. Mke wake akilipokea, huenda na yeye akalipokea. Mimi hapa sina dawa."

Alhamisi alfajiri Abdiel alikwea juu ya Usa River, kwenye shamba ambalo baba yao alilipata alipohamia kutoka Machame. Kaburi lilikuwa kati ya migomba, limezungukwa na mimea ya masale. Magreth, mjane wa Ndesanjo, alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alipomwona shemeji yake amepiga magoti kwenye tope na jani mkononi, hakumwacha amalize hata salamu. Alilichukua.

"Nimepokea. Isale halikataliwi, shemeji. Sijui wewe ulilelewa nyumba gani." Akalifunga kwenye msalaba wa kaburi. "Alirudi siku ile anatetemeka, nikamvua koti. Unajua aliniambia nini? Alisema, 'Abdiel ana kazi nyingi, nitarudi kesho.' Mimi nimepokea. Mwenyewe simsemei."

Abdiel alilia pale kaburini, na tuseme alilia kweli. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu hajawahi kumfufua babu.

Saa nane alikuwa Themi. Evaresta alimlaki getini na khanga mkononi, anacheka na kulia.

"Anaongea! Baba Agnela, anaongea! Ameomba chai, akaimba, sauti yake ile ile!"

Abdiel akacheka naye kwa furaha. "Yuko wapi?"

"Karakana. Amesema anataka kukusaidia umalize nguzo za kanisa."

Abdiel alipapasa mfuko. Ufunguo haukuwemo. Alikimbia kuzunguka nyumba, akaukuta mlango umekomewa kwa ndani, mlango wa mninga alioutengeneza kwa mikono yake na kujisifu kuwa hauingizi hata upepo. Jua lilikuwa kali. Harufu ya sufu mbichi ilimpiga usoni kabla hajabisha.

"Agnela, mwanangu. Fungua."

Tak-tak. Taaak.

"Fungua mama yangu, nimeshakwenda, amepokea, mama yako mkubwa Magreth amepokea, fungua!" Alipiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa bega, akarudi nyuma na kuupiga tena hadi bega likavimba, naye Evaresta nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini, na mlango haukutikisika hata kidogo kwa sababu uliundwa na fundi. Akaenda dirishani, akashika nondo zake. Agnela alikuwa amekaa mbele ya mashine, amempa mgongo, mguu wake mmoja ukiburuta kwenye pedeli, na patasi imekaa mkononi mwake kama mtu aliyeishika miaka arobaini. Mti ulikuwa ukiliwa taratibu chini ya kidevu, pale shingo inapoanzia.

Hakugeuka. Alijibu kwa sauti yake mwenyewe, nzuri na safi kama ya Jumapili:

"Kaa nje kwanza. Namalizia kazi."