Jibu la Sitini

Kila asubuhi Bibiane alifagia ua, akampa baba yake chai, kisha akafuata njia ya reli hadi shuleni, pale mjini Kalemie. Alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu mama yake afariki miezi miwili nyuma, alifanya kazi zote kama kawaida, lakini hakusikia kitu moyoni. Hakulia. Chakula hakikuwa na ladha. Darasani alinakili maneno ya ubaoni bila kujua alichoandika.

Jumanne moja Mwalimu Barnabé, aliyefundisha kemia, alitoa jaribio. Alichora mstari wa nishati uliopanda kama kilima, kisha ukashuka. Ulianzia kilojuli 50, kilele kikafika 80, ukaishia 20. Swali lilikuwa: mmenyuko huu unatoa joto kiasi gani?

Zamani Bibiane angejibu upesi, maana alikuwa wa kwanza darasani. Siku ile aliona mstari tu. Akaangalia karatasi ya Virginie, jirani yake wa benchi, akaandika alichokiona: 60.

Kesho yake mwalimu alirudisha karatasi.

"Virginie, simama. Ni ninyi wawili tu mlioandika sitini, na mnakaa benchi moja. Ulimwangalia Bibiane."

"Hapana, mwalimu."

"Toka. Usirudi bila mzazi."

Virginie alikusanya madaftari yake. Wazazi wake walikuwa shambani, huko Bendera, hadi wiki iliyofuata, na mtihani wa kemia ulikuwa Ijumaa.

Bibiane alibaki ameketi. Alijua anapaswa kuona aibu. Aliitafuta moyoni, hakuipata. Hata hivyo alijua ukweli ni upi. Wakati wa mapumziko alienda kwenye biro, ofisi ya mwalimu.

"Mwalimu, njo mimi, ni mimi niliyemwangalia Virginie."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Wewe? Kwa nini?"

"Sielewi tena masomo. Tangu Mama alipokufa, sielewi kitu."

Mapumziko yalipokwisha, mwalimu alirudi naye darasani. Kisha akaagiza Virginie aitwe kutoka getini, akamwambia mbele ya darasa, "Nilikuhukumu bila kuuliza. Unisamehe." Akawasimamisha wote wawili ubaoni, mbele ya mchoro ule.

"Bibiane, baba yako hupaka nyumba chokaa. Akiimwagia maji chokaa iliyochomwa, ile inayotoka Kabimba, ndani ya pipa, pipa linakuwaje?"

"Linapata moto."

"Kuna kuni chini yake?"

"Hakuna."

"Basi joto linatoka wapi?"

Bibiane aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Mwanzoni vitu vina nishati nyingi. Mwishoni vina kidogo. Ile iliyopungua njo inatoka."

"Kwa mchoro huu ni ngapi?"

"Hamsini kutoa ishirini. Thelathini."

"Mimi nilipima kutoka kileleni," Virginie alisema.

"Ndiyo. Kupanda hadi kileleni ni nishati ya kuanzisha mmenyuko. Joto linalotoka tunalipima kutoka mwanzo hadi mwisho." Mwalimu akamgeukia Bibiane. "Jaribio hili utapata sifuri. Kosa la Virginie limenionyesha pa kumsaidia. Lako halikunionyesha kitu, kwa sababu halikuwa lako. Ungeacha karatasi tupu, ningejua unahitaji msaada. Kusema hujui si aibu, mwanangu. Kuficha njo kunakuacha peke yako."

"Ndiyo, mwalimu." Bibiane akamwambia Virginie, "Unisamehe."

"Nimesikia," Virginie alijibu, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Ijumaa, kwenye mtihani, Bibiane alijibu maswali saba kati ya manane. Chini ya lile la nane aliandika kwa herufi safi: Hili sijalielewa.