Sukari Iliyo Kwenye Pumba

Katika ploti moja ya nyumba za kupanga huko Kariobangi, Nairobi, kila orofa ilikuwa na choo kimoja. Asubuhi watu walipanga foleni na ndoo zao za maji. Foleni isiposonga, walijua aliye ndani ni Opicho.

"Baba Mideva, tutachelewa kazini," jirani aliita.

"Natoka," Opicho alijibu. Lakini hakutoka upesi.

Opicho alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mkewe, Muhonja, aliuza nguo za watoto sokoni. Binti yao, Mideva, alikuwa darasa la sita. Asubuhi walikunywa chai kwa mkate mweupe. Jioni walikula ugali kwa mayai, au nyama ya mbuzi kutoka Kiamaiko. Mboga zilipikwa mara chache, kwa sababu Opicho hakuzipenda.

Mahindi yalitoka kwao Vihiga. Muhonja aliyapeleka kwenye mashine, yakakobolewa ganda kwanza, ndipo yakasagwa. Opicho alitaka ugali mweupe kabisa. Pumba zilizobaki walipewa majirani wenye kuku.

Opicho alikuwa na shida ambayo hakumwambia mtu. Choo chake kilikuwa kigumu na kilimuumiza. Siku moja aliona damu. Aliogopa sana, kwa maana kaka yake alikuwa amefariki kwa saratani ya utumbo. Hakwenda hospitali. Alinunua dawa ya kufungua choo kwa mchuuzi wa barabarani, akaimeza yote.

Aliharisha mpaka akaishiwa nguvu. Hata hivyo alikwenda kazini. Mchana alianguka kando ya geti alilokuwa akilichomelea. Job, fundi mwenzake, alimleta nyumbani kwa boda boda.

Muhonja alimpa maji yenye chumvi na sukari, akakaa kando ya kitanda. Ndipo Opicho akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia?" Muhonja aliuliza.

"Ni mambo ya choo. Mwanamume anaanzia wapi kuyasema?"

"Angeanzia kwangu," Muhonja alisema.

Kesho yake walikwenda kituo cha afya. Daktari alimpima Opicho, akamtuma kufanya vipimo vingine. Majibu yalipotoka, daktari alisema, "Si saratani. Choo kigumu kimekuchana ngozi. Nitakupa dawa ya kukilainisha. Kunywa maji ya kutosha, na ule vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ukiona damu tena, rudi hapa. Usijitibu."

Walipofika mlangoni kwao, Opicho alimshika Muhonja mkono, akasema, "Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani atamsomesha Mideva."

Jioni Rufaida alikuja kumjulia hali. Rufaida aliishi orofa ya chini. Alifanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa bakteria.

"Pole, Baba Mideva."

"Nishapoa. Lakini hizi nyuzinyuzi alizosema daktari, sijui ni nini."

Rufaida alitazama unga kwenye ndoo. "Huu umekobolewa?"

"Ndiyo," Muhonja alijibu. "Pumba tunawapa kuku."

"Basi nyuzinyuzi nyingi mmewapa kuku. Kwenye ganda la mahindi kuna sukari inayoitwa arabinosi. Imeshikana na sukari nyingine, zikafanya minyororo mirefu. Hiyo minyororo ndiyo inayolipa ganda nguvu. Hata wimbi na mtama vinayo."

"Kwa hivyo niongeze sukari kwenye chai?" Opicho aliuliza.

Rufaida alicheka. "Hapana. Hii si ile ya dukani, na ulimi wako hauisikii. Tumbo haliwezi kuikata minyororo hiyo. Inateremka mpaka utumbo mpana. Huko kuna bakteria wengi sana."

"Bakteria si ugonjwa?" Mideva aliuliza.

"Wengine ni ugonjwa. Wengine tunaishi nao vizuri. Kule maabara tunawapa bakteria arabinosi kwenye chupa. Kuna wanaoila na wasioila. Hivyo ndivyo tunavyowatofautisha. Wale wa tumboni wanaoweza hukata minyororo, wakala, na wakitoa mabaki yao, hayo huulisha ukuta wa utumbo. Nyuzinyuzi zisizoliwa hushika maji. Choo kinakuwa laini."

Muhonja alisikiliza kwa makini. "Kwa hivyo nisage bila kukoboa?"

"Ndiyo, lakini chambua mahindi kwanza. Yaliyooza au yenye ukungu tupa. Saga kidogo kidogo, kwa sababu unga huo huharibika upesi. Na mrudishe sukuma wiki na maharagwe."

Opicho alianza kwa pupa. Alikula ugali mkubwa wa unga mpya na sahani ya maharagwe. Tumbo lilijaa gesi na kunguruma, hata Mideva akalisikia.

"Mimi narudi kwa unga wangu mweupe," alimwambia Rufaida.

"Umekimbia mno. Bakteria wako hawajazoea. Anza na kidogo, uongeze polepole, na unywe maji."

Alifanya hivyo. Mwanzoni Muhonja alichanganya unga wa zamani na mpya. Polepole maumivu yalikwisha. Damu haikuonekana tena. Foleni ya asubuhi ilisonga, na Opicho akafika karakana mapema.

Miezi kadhaa baadaye, Job, ambaye Opicho alikuwa amemsimulia yote, alialikwa chakula cha Jumapili. Alikula kidogo tu. Muhonja alipoingia jikoni, Job aliinama karibu na Opicho.

"Buda, ile shida yako ya choo," alinong'ona. "Mimi pia naona damu. Nipe siri ya huo unga."

Opicho hakunong'ona. "Unga utangoja. Damu haisemi kama ni ya mchubuko au ya ugonjwa mkubwa, daktari ndiye atakayejua. Kesho asubuhi twende pamoja."

"Na kazi?"

"Geti halitakimbia," Opicho alisema. "Nitakaa nawe kwenye foleni mpaka uitwe."