Kengele Iliyozibwa kwa Nta

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, mzee Nkwabi alichungulia mashine ya kutotolea vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai ishirini. Kule Bujora, ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza kuku wote wa marehemu mama mkwe wake. Mbegu yao ilibaki katika mayai haya tu, na mkewe Evelina aliyapenda kama watoto.

"Baba Chenge, leo siku ya kumi na nane. Usiyaguse," aliagiza Evelina, akaenda zake kwenye sala za jumuiya.

Kweli hakuyagusa. Aliyafunika. Kwao kuku anayeatamia hufunikwa tenga atulie, na mzee wa watu aliona huruma mashine ikipigwa na upepo wa ziwa. Akaivika blanketi gubigubi.

Haukupita muda, mashine ikaanza: tiii! tiii! tiii!

"Nimekufunika, bado unagomba?" Nkwabi alisema. Akachukua nta ya nyuki, akakiziba kitundu cha sauti. Kelele ikafifia. Akajipongeza, maskini.

Jirani yao Teodora, fundi wa redio hapo Pasiansi, akaja kurudisha ungo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona nasikia kama mbu analia?"

"Ni mashine. Imenuna."

Teodora alifunua blanketi. "Mzee! Joto limefika thelathini na tisa! Umeziba matundu ya hewa!"

Akafungua mfuniko kidogo. Nkwabi alilikunja blanketi harakaharaka. "Evelina nitamwambia nini?"

Wakasubiri. Namba zilishuka polepole, mlio ukakatika wenyewe. Teodora akafunga mfuniko, akaitoa nta kwa pini.

"Hapa ndani pana kifaa tunachokiita baza," alieleza. "Kina kisahani chembamba cha shaba. Umeme ukifika, kisahani kinajikunja kidogo. Ukikatika, kinanyooka."

"Kama mfuniko wa kopo ukiubonyeza na kuuachia?"

"Hapohapo! Ila chenyewe hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kinaitikisa hewa, na mtikisiko ukitoka kwenye kitundu hiki, sisi tunasikia mlio."

"Na nani anakiamuru?"

"Kuna kipima joto. Joto likizidi, mashine inapeleka umeme kwenye baza. Haigombi, mzee. Inakuita."

Evelina aliporudi, Nkwabi alimweleza yote, bila kuficha hata nta.  Mama wa watu alivuta kigoda, akakaa kando ya mashine mpaka chakula kikapoa.

Siku ya ishirini na moja, yai la kwanza lilipasuka. Kufika jioni vifaranga walikuwa kumi na saba, wengine wenye shingo tupu kama kuku wa mama yake Evelina. Evelina akalia kwa furaha.

Siku hizi wameweka mayai mengine. Mashine ikilia tu, Nkwabi anaacha hata ugali. "Naja, mama, naja!"

"Miaka thelathini nakuita mimi," Evelina humtania, "hujawahi kuja mbio hivyo."

"Nilikuwa na nta masikioni," hujibu mzee, akicheka.

Na siku hizi, Evelina naye akiita, mzee anakuja.