Kisigino cha Peris

Rafiki yangu Maundu, wa kule Katangi, alikuwa amelala gizani chini ya landrova yake kuukuu, akigonga sakafu ya gari kwa nyundo kutafuta palipooza. Bati zima hulia, lililoliwa na kutu hutoa sauti butu.

Jua lilikuwa linatua, akaharakisha. Juu yake, ndani ya gari, kisigino kikagonga mara tatu.

Marehemu mkewe, Peris, aligonga hivyo kila Maundu alipoendesha kasi. “Polepole, Baba Mutunga,” alikuwa akisema.

Akapunguza mapigo. Kisigino kikanyamaza. Akatoka, akachungulia: hakuna mtu, na viti alikuwa ameving'oa asubuhi.

Aliniambia alirudi chini, akagonga haraka tena, makusudi. Kisigino kikamjibu, na vumbi la kutu likamwangukia usoni.