Bwana Harusi Aliyebaki Arua

Kiden alimkemea Ayiko kabla hata ya kumsalimia. Ilikuwa siku ya soko mjini Arua, mwaka 1994, watu wanakanyagana.

"Wewe fundi! Redio ya baba umerudisha na tumbo ya redio ingine!"

Ayiko, fundi redio wa Manibe, aliangua kicheko. Mezani kwake redio chungu nzima zilikuwa wazi, wala hakuna iliyomalizika. Alimtazama binti huyo wa Koboko, kitenge cha manjano kimemkaa sawasawa, kilemba kimeinamia sikio moja, na bisibisi ikamponyoka.

"Nakosa, dada. Kaa. Leo sishiki ingine mpaka hii iishe."

"Unaapa?"

"Naapa! Ngoja kwanza nione ile kelele ni ya nini." Na huyoo, akatoka.

Kiden alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka machozi. Kuanzia hapo, kila alipoleta ufuta Arua alipitia kwa Ayiko. Jamaa huyo angetumwa chai akarudi na misumari, na Kiden alimpenda hivyo hivyo, bila kificho.

Jioni Ayiko alivuta bangi nyuma ya kibanda.

"Kichwa yangu iko na stesheni mingi, mpenzi. Hii inazima yote, inabakisha moja."

"Na hiyo moja inasema nini?"

"Kiden, Kiden, Kiden."

Nani asingelegea? Kweli akivuta alitulia. Kiden akaona ni dawa, akanyamaza.

Ikaja siku ya Ayiko kupeleka posa Koboko. Wajomba walipanda gari la mbele wakijua yuko na shangazi zake nyuma, na shangazi wakajua yuko mbele na wajomba. Walishuka kwa vigelegele, mbuzi wote wapo, bwana harusi hayupo.

"Sasa binti yangu anaolewa na nani?" aliuliza Mzee Soka, baba yake Kiden, askari wa zamani. "Na huyu beberu?"

Wazee wakawatoza wageni faini ya mbuzi mmoja zaidi kwa ile aibu. Kiden alijifungia ndani na gauni lake jipya, akalia kwa uchungu. Alijua tu kuna mwanamke mwingine.

Kesho yake akaenda Arua kumtafuta huyo mwanamke. Alimkuta Ayiko kibandani, bado amevaa suti, macho mekundu. Pembeni alikaa dada yake, Filda, muuguzi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako!"

"Mwanamke gani, Kiden? Niliogopa baba yako. Nikavuta kidogo, kichwa itulie. Niliona ni dakika tano tu. Kutoka nje, magari hakuna."

Filda akashusha pumzi. "Tangu mtoto akili yake inakimbia hivi. Madaktari wanajua hali hii, si uvivu wala wazimu. Bangi inamtuliza saa moja, halafu inakula kumbukumbu na muda, na hivyo ndivyo vitu alikuwa navyo kidogo toka mwanzo."

Kiden aliona haya. Utulivu ule aliouona ni dawa ndio uliomwibia mchumba.

"Ayiko, nakupenda," alisema. "Lakini mimi siolewi na moshi. Ukija Koboko, kuja wewe mwenyewe."

Miezi ikapita. Filda alimtumia Kiden habari kupitia madereva wa malori: Ayiko halali usiku, anagombana na kila mtu, lakini havuti. Kibandani sasa anafungua redio moja tu, nyingine zote amezifungia kwa jirani yake Abiriga, na funguo anazo Abiriga. Kiden aliomba Mungu na kungoja.

Asubuhi moja Ayiko akatokea uani kwa Mzee Soka. Aliamkia, akakaa, akainuka, akauliza habari za paa la nyumba, akakaa, akainuka tena.

"Huyu mutu amevuta!" mzee akafoka. "Kukaa tu inamshinda!"

"Hapana, baba," Kiden alisema, sauti imara. "Akivuta anakaa kimya kama jiwe, na wewe ungemsifu. Hivi ndiyo yeye mwenyewe."

"Na wewe unataka huyu asiyekaa?"

"Nataka huyu huyu."

Mzee akamgeukia Ayiko. "Wajomba wako wapi?"

"Wako njiani, baba," Ayiko akajibu, jasho likimtoka. "Leo mimi nimewatangulia."

Mzee Soka alijitahidi asicheke, ikamshinda. Kiden alikuwa ameshakimbilia jikoni kubandika chai.