Ngoma ya Kuachana Mikono

Evaristo Zanotti alikuwa bingwa wa kutambua udi za kale, zile ala za muziki zenye nyuzi, na mtu aliyelijua hilo kuliko wote katika mji wa Bologna alikuwa yeye mwenyewe. Mletee udi wa miaka mia nne, tumbo limevimba kama nusu tikiti, kichwa kimekunjwa nyuma. Ataupindua, atazitazama mbao nyembamba za mgongoni, ataunusa, ataingiza kioo kidogo kupitia ua lililochongwa usoni ili aone ndani. Kisha atakuambia ulitoka karakana gani, na ni mpumbavu gani aliyekuja kuufungua baadaye. "Mpumbavu" lilikuwa neno lake. Alilitumia kwa mafundi waliokufa, kwa wanafunzi walio hai, na kwa mpishi yeyote aliyezidisha chumvi kwenye mchuzi.

Ubaya ni kwamba hakukosea mara nyingi. Angekosea kidogo kidogo kama binadamu wenzake, pengine Mungu angemwachia mke.

Mke huyo aliitwa Ornella, na bila yeye nusu ya sifa za Evaristo isingekuwapo. Ngoma za kale za udi zimeandikwa kwa mistari na tarakimu: mstari ni uzi, tarakimu ni mahali pa kuweka kidole. Kasi hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo Evaristo alipiga na Ornella akacheza. Mguu wake ukining'inia hewani kuliko inavyostahili, basi mume kachelewa. Walifanya kazi hivyo tangu ujana wao. Katika vitabu vyake alimshukuru kwa mstari mmoja, chini ya jina la mpiga picha.

Siku ile ya Novemba ilianza kama siku nyingine. Evaristo alikunywa kahawa amesimama baa, akamwambia mwenye baa kuwa ameiunguza, akawasha gari. Walishika njia ya kwenda upande wa Ferrara, ndani ya ukungu wa nchi tambarare. Aliyewaita alikuwa Leonida Fabbretti, daktari wa meno mstaafu aliyerithi nyumba kubwa ya mama yake kando ya mfereji.

"Mng'oa meno," alisema Evaristo njiani. "Atatuonyesha gitaa la babu yake, halafu atatulisha."

"Na wewe utakula," alisema Ornella.

"Kula nitakula. Nimekosana na watu, sijakosana na tortellini."

Alikula kweli, sahani mbili. Kisha Leonida akawaingiza ukumbini, chumba kirefu chenye mlango wa vioo uliotazama bustani, akafungua kasha jeusi. Evaristo akanyamaza. Kwa mtu yule, kunyamaza kulikuwa sawa na kupiga magoti.

Aliuinua udi kwa mikono miwili. Mbao za mgongo zilikuwa ndefu, nyembamba kama ganda la yai. Akaingiza kioo chake, akachungulia kwa muda mrefu.

"Karatasi ya jina la fundi ni ya uongo," alisema. "Kila udi Italia hii una uongo tumboni. Shingo imebadilishwa. Lakini mwili ni halisi, Daktari. Ni kazi ya wale Wajerumani waliohamia Bologna. Kuna watu hawastahili hata kuupangusa vumbi." Alimtazama mwenye nyumba aliposema hivyo.

Ndani ya kifuniko cha kasha ilikuwa imebandikwa karatasi moja yenye ngoma mbili. Ya juu ilikuwa ya polepole, ya kuhesabu nne: watu hutembea wawili wawili, mwanamume kamshika mwanamke mkono wa kushoto. Ya chini ilikuwa ya kuruka, ya kuhesabu tatu. Hata anayeanza kujifunza anajua kwamba mbili hizi ni chanda na pete. Katika ya kwanza mnashikana mikono. Katika ya pili mnaachana, kila mtu aruke kivyake.

"Mama alikuwa na sharti," alisema Leonida akikuna kidevu. "Ukipiga ya juu, lazima upige na ya chini. Hata kama nyumba inaungua. Yeye mwenyewe hakupiga yoyote."

"Mama yako alisomea muziki?"

"Alisomea kuogopa, Profesa."

Evaristo alicheka kwa pua, akainama na lenzi yake. Ngoma ya juu iliandikwa kwa mkono uliotulia, wino umezama kwenye karatasi. Ya chini ilikuwa ya mkono mwingine kabisa.

"Hii imeongezwa baadaye," alisema. "Mpumbavu fulani. Tazama mistari inavyoteleza, utadhani hakuwa na mkono wa pili wa kushikilia karatasi. Na hapa, karibu na mwisho, ona! Pigo la ziada. Mtu anaandika ngoma, hajui kuhesabu mpaka tatu!"

"Ipige tu, yaishe," alisema Ornella. "Ni kitu cha dakika mbili."

"Uchafu siupigi hata dakika moja."

Aliipiga picha ngoma ya juu, akaziweka sawa nyuzi ambazo Leonida alikuwa amefungisha kwa fundi, akamtukana huyo fundi, akaanza. Ornella alisogea katikati ya ukumbi. Alinyoosha mkono wa kushoto kama alivyozoea, mwenzake akiwa hewa. Hatua moja. Hatua moja. Kisha tatu za mfululizo. Udi ulikuwa na sauti kavu, ya karibu, na Evaristo aliipenda. Waliporudia mara ya pili mkono wa Ornella ulishuka kidogo, kama mtu aliyepewa kikapu ashike. Evaristo aliona tu kwamba mkewe anachelewa.

Alimaliza. Ornella akainama kwa heshima, kama ngoma inavyotaka. Akabaki vile vile, mkono mbele.

"Evaristo," alinong'ona. "Piga ya pili."

"Nimeshasema."

"Kuna mtu kanishika mkono."

Leonida alipiga ishara ya msalaba. Hapo ndipo Evaristo alipokasirika kwelikweli. Miaka yote hiyo ya ndoa, halafu mwanamke anaungana na mng'oa meno! Alitoa leso mfukoni, akailowesha kwa mate, akaisugua kwenye kona ya ngoma ya chini.

"Wino wa kweli wa zamani karatasi huunywa, hautoki," alisema. "Huu ni masizi na gundi. Mnaona? Unatoka. Mnaona?"

Akasugua tena. Akasugua mstari wa kwanza, akasugua wa pili, na kila walivyomwambia basi ndivyo alivyozidi. Leso ilikuwa nyeusi. Upande wa chini wa karatasi palibaki doa la kijivu, lenye maji.

Ornella aliitazama ile leso. Akajaribu kuushusha mkono. Haukushuka.

Walirudi mjini hivyo, mkono wake umenyooshwa mbele ya kioo cha gari. Siku zilizofuata alikula kwa mkono mmoja. Chini ya meza miguu yake ilikwenda yenyewe: moja, moja, tatu. Daktari mmoja wa mjini akasema ni mishipa. Evaristo akasema ni ukaidi. Lakini asubuhi moja alipomvisha koti aliuona mkono ule kwa karibu, na macho yake hayakuzoea kudanganya. Nyama ya vidole ilikuwa nyeupe, imebonyea. Vidole vya mtu asiyeonekana vilikuwa vimelala juu yake, vinene, na kimoja kilikuwa na alama nyembamba ya pete.

"Ana mikono baridi," alinong'ona Ornella. "Na hachoki, Evaristo. Mimi nachoka."

Sasa aliogopa. Alimpenda mkewe, kwa namna yake ya kipumbavu. Hilo ni neno lake, na aliye na haki nalo kuliko yeye hakuna.

Ngoma ile ya chini hakuikumbuka. Aliitazama kwa dharau, na kinachotazamwa kwa dharau hakikai kichwani. Hata hivyo alikuwa bingwa, tusimnyime lake. Wapigaji wa zamani walitengeneza ngoma ya kuruka kutoka kwenye ile ya polepole: sauti ni ile ile, ila unaibana kutoka nne hadi tatu. Akaitengeneza. Akakumbuka pia lile pigo la ziada alilolicheka, kwamba lilikuwa karibu na mwisho, kwenye uzi wa chini. Akaliandika na kulizungushia duara jekundu. Ngoma ilitoka nzuri. Aliisifu mwenyewe.

Wakarudi kwa Leonida. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeegemea vioo vya mlango, bustani haionekani. Ornella alisimama pale pale.

"Usiogope," alimwambia Evaristo.

"Wewe piga. Habari za kuogopa niachie mimi."

Akapiga. Miguu ya Ornella ilisita, kisha ikaruka. Moja, mbili, tatu. Akaruka tena, na Leonida, mlangoni, akaanza kulia. Rangi ilikuwa inarudi. Kidole cha mwisho kilikuwa chekundu. Kikafuata cha pili. Kikafuata cha tatu. Ornella alicheka kwa sauti. Evaristo hakuwa amekisikia kicheko hicho miaka mingi, na kilimuumiza kifua kwa furaha.

Mwisho ukakaribia. Duara jekundu likaja. Pigo la ziada.

Vidole vya Evaristo vililipita.

Hakuamua. Wallahi hakuamua. Tangu utotoni vidole vile vilifundishwa kuona kinyaa mbele ya kosa, na sasa viliona kosa, vikalirekebisha. Moja, mbili, tatu. Ilikuwa sahihi kabisa.

Vidole vya Ornella vikawa vyeupe. Vyote kwa pamoja.

"Ah, Evaristo," alisema. Hakunong'ona.

Alimwinamia mtu aliyekuwa kushoto kwake. Mlango wa vioo ulikuwa wazi. Nani aliufungua, Leonida hajui mpaka leo. Hatua moja. Hatua moja. Kisha tatu. Ukungu ukamchukua mpaka kiunoni, kisha mabegani. Mkono ulionekana mwisho.

Walikimbia. Majani yalikuwa na barafu nyembamba, na alama zilionekana wazi. Viatu vya Ornella, vidogo, kulia. Kushoto kwake majani yalikuwa yamelala tu, upana wa mtu, bila umbo la kiatu. Zilifika katikati ya bustani. Zikaishia hapo.

Polisi waliusaka mfereji mzima. Bologna ikasema amemkimbia mume, na wengi wakauliza alikuwa anangoja nini siku zote hizo.

Majira ya kuchipua Leonida akampigia simu. Alimwambia aje, hakumwambia kwa nini. Evaristo akafunguliwa kasha.

Mahali alipopasugua kwa mate yake, palikuwa na tarakimu. Chache, wino mbichi. Mistari imeteleza, kama ya mtu asiye na mkono wa pili wa kushikilia karatasi. Hakuhitaji lenzi. Tarakimu ya mbili ina mkia mrefu, ya saba ina kistari katikati: aliziona miaka na miaka kwenye orodha za sokoni ambazo Ornella alibandika mlangoni mwa jokofu, kando ya mayai na maziwa. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima na suti yake, akalia bila kuziba uso.

Siku hizi anaishi kwa Leonida. Anakula anachopewa na kusema asante. Kila asubuhi wanafungua kifuniko pamoja, na baadhi ya asubuhi kuna tarakimu mpya. Hagusi. Akiinama kusoma anazuia pumzi, asije akalowesha kitu. Udi uko tayari mapajani mwake. Pigo la ziada likija atalipiga, na yakija kumi atayapiga.

"Ni tatu tatu," Evaristo alimwambia Leonida tangu mwanzo. "Unaona? Ya kushikana ni nne nne; yeye anaandika ya kuachana. Anarudi."

Leonida alimtilia kahawa.

Leo asubuhi mstari mpya ulikuwa umenyooka. Haukuteleza hata kidogo. Kwenye ukingo wa karatasi, ubavuni mwa tarakimu zenye mikia mirefu, palikuwa na alama ya dole gumba la mtu aliyemshikia karatasi asipate taabu. Ni dole nene. Evaristo aliitazama sana. Kisha akauhesabu mstari ule mpya kwa sauti, akarudia, kwa sababu hakukosea mara nyingi.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne."