Tuta la Mama Mkwe

Fundi cherehani aliamka alfajiri, akachota maji, akaenda kuangalia saladi zake nyuma ya nyumba. Zilikuwa bado miche, aina ile ndefu ya majani yanayosimama wima. Alizipanda kwenye tuta la marehemu mama mkwe wake.

Aliinama kuzitazama. Mche mmoja ulikuwa umelala chini. Haukuliwa wala haukukauka. Ulikatwa shinani, mkato mmoja, safi kabisa.

Hii ilikuwa asubuhi ya tano. Kila siku ulikatwa mche unaofuata kwenye mstari. Na mstari huo ulielekea mlangoni.

"Huu ni mkato wa mkasi," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Mama ndiye aliyekuwa akikata vitambaa hivi. Hakunitaka alipokuwa hai, na sasa ananifukuza."

"Acha hizo, mke wangu," alisema mumewe. Lakini yeye mwenyewe hakutoka mlangoni. Alisimama pale na mswaki mdomoni, macho yamemtoka.

"Nazing'oa zote leo. Halafu narudi kwetu."

Jirani yao, bibi shamba mstaafu, alikuwa anaanika nguo. Alisikia, akaja na kijiti mkononi.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hapa ulilima lini?"

"Sikulima. Tangu mama afariki hatujaligusa tuta lake, kwa heshima. Nilitoboa vishimo tu katikati ya magugu."

"Basi heshima yenu imemlea mgeni."

Alifukua kando ya mche uliokatwa, kina cha vidole viwili. Mdudu mnene wa kijivu akatokeza, akajikunja kama pete. Fundi alipiga kelele.

"Huyu ni sota," alisema bibi shamba. "Usiku anakata, mchana anajificha papo hapo. Nondo anayemzaa hupenda kutaga kwenye magugu. Ng'oa magugu yote. Kila asubuhi fukua penye mche uliokatwa, umponde. Msimu ujao lima wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, ndege wawale. Na hata sasa, kila mche uvalishe mrija wa karatasi ngumu, nusu izame udongoni. Hapo hapiti."

"Mirija nitaitoa wapi?"

Mume aliingia ndani. Alirudi na boksi la mama yake, lile lililokaa miaka chini ya cherehani. Mkewe alikuwa akiliita takataka.

Ndani mlikuwa na mirija ya karatasi ngumu ya nyuzi zilizokwisha, imekatwa urefu wa kidole. Nusu ya chini ya kila mmoja ilikuwa na udongo mkavu.

"Kumbe mama alikuwa akiivalisha miche yake," alisema mumewe. Fundi akaanza kulia.

Waling'oa magugu, wakaivalisha miche iliyobaki mirija ile. Hakuna mche mwingine uliokatwa. Wiki ya sita alichuma majani ya nje tu, akaacha ya katikati yaendelee kukua. Walikula, na jirani akapelekewa bakuli lake.

Msimu ulipokwisha, fundi alikung'uta mirija, akairudisha kwenye boksi. Uzi wake mwenyewe ulikuwa umeisha jana yake. Akaukata mrija wake urefu wa kidole, akauweka pamoja na ile ya mama.